Jani-Pilipili la Juu Kuliko Mlima

Delbert Hoyle ndiye mtu pekee duniani aliyepanda mlima akapitiliza kilele! Msinibishie. Ushahidi uko kabatini, na gundi niliipaka mwenyewe.

Kazi yangu hapa Nevada ni kubandika mimea mikavu ya chuo chetu kwenye karatasi. Mmea mmoja, karatasi moja, na lebo pembeni: nani kauchuma, wapi, futi ngapi kutoka usawa wa bahari. Delbert, daktari wa meno mstaafu, alituletea magugu kila Jumatatu, na buti zake hazikuwahi kukwaruzwa na jiwe.

Mwezi Juni akaleta jani-pilipili, mmea mdogo wa milima ya jangwani ambao ukitafuna mbegu zake ulimi unawaka. Mkuu wetu, Verna Ketchum, akalikagua kwa kioo cha kukuzia, akaguna.

"Hili ni aina mpya. Bado halina jina la kitaalamu."

Kichwa kikavimba! Delbert akataka jani liitwe kwa jina lake. Lakini kwetu watu wa mimea ni aibu mtu kuupa mmea jina lake mwenyewe, sharti akupe mwenzako heshima hiyo. Kwa hiyo kila asubuhi Verna akaletewa keki.

"Umelichuma wapi, Daktari?"

"Mlima Kettle! Futi elfu nane na mia tatu! Mkono mmoja umeshika jabali, mwingine unachuma, na tai ananizunguka akiningoja nianguke!"

"Elfu nane na mia tatu? Una hakika?"

"Andika! Tena nimepunguza!"

"Na Idella?"

"Mke wangu alibaki garini. Milima si ya kila mtu."

Nikaandika alivyosema. Kazi yangu ni gundi, si ugomvi.

Sasa, mmea mpya hautangazwi rasmi kabla hujauona unapoota. Verna akapanda Kettle siku mbili, akarudi kababuka pua kwa jua, mikono mitupu. Nilimhurumia, na nilikasirika pia, maana mama yule ana miaka sitini na minane.

Kesho yake akaingia Idella na bahasha.

"Nimewaletea jingine. Delbert huyakunjakunja nikimpa."

"Ukimpa? Kwani lile la kwanza nani alilichuma?" Verna akauliza.

"Mimi. Yeye alikuwa anakoroma."

Juu ya bahasha, kwa mwandiko safi: *Maegesho ya magari chini ya Mlima Kettle, futi elfu tano na mia mbili, hatua sita kutoka chooni. Delbert amelala.*

Verna akachukua funguo za gari. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amehesabu majani-pilipili thelathini, yamestawi kweli, hatua sita kutoka chooni.

Jani likapewa jina la Idella. Siku hiyo Delbert alifika anahema, mkewe nyuma yake.

"Basi chaneni karatasi yangu! Ichomeni!"

"Hapa hatutupi kitu, Daktari," Verna akamjibu kwa upole uliouma kuliko kofi. "Makosa yanabaki. Tunaongeza kikaratasi tu."

Akakiandika, nikakibandika chini ya lebo ya Delbert, kikae miaka mia mbili: *Mlima Kettle unaishia futi elfu saba na mia nne. Inaonekana mmea huu ulichumwa hewani.*

Delbert akasoma. Akasoma tena. Aliyefungua midomo ya watu miaka arobaini, safari hii wake ukafunguka wenyewe.

Idella akamshika mkono.

"Twende nyumbani, mume wangu. Ila teremka taratibu, huko uliko ni juu sana."