Ruhusa ya Mvua ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mwaka mmoja na miezi saba tangu nitoke nyumbani. Niliaga nikisema ni miezi mitatu.

Kazi bado ni ileile, kuchafua kijito. Sijui niiite vipi zaidi ya hapo. Maisha yangu yote nimelipwa kuzibua mitaro, kuinyoosha, kutoa magogo na takataka ili maji yapite. Huku tunalipwa kuyatia magogo majini. Zamani watu walikinyoosha kijito hiki cha msituni kama rula, na tangu hapo kila mvua ikinyesha maji yanashuka mbio mpaka mjini na kuingia vyumbani mwa watu. Sasa tunayawekea magogo na matawi ili yapunguze mwendo na kutapakaa msituni, samaki nao wapate pa kujificha. Waliofikiria haya ni wasomi. Mimi nabeba.

Leo Msimamizi ametukusanya mbele ya stoo. Amesema mvua kubwa ya kwanza ikishapita atakagua kipande cha kijito alichopewa kila mtu. Ambaye kipande chake kimefanya kazi vizuri kuliko vyote atapewa ruhusa ya mwezi mzima kwenda nyumbani. Mtu mmoja tu. Wengine watasubiri kazi iishe. Mtu akauliza inaisha lini. Msimamizi akatazama juu, kama jibu liko kwenye miti.

Ruhusa hiyo ni yangu. Binti yangu nilimwacha ananyonya, sasa anaongea. Jana mama yake kampa simu, kamwambia msalimie baba. Mtoto akasema shikamoo mjomba. Mama yake akacheka. Mimi sikucheka.

Wa kushindana naye ni mmoja, Seremala. Kipande chake kiko chini ya changu. Ni mtu mzima, mpole, anaimba akifanya kazi, anamjulia hali kila mtu na kusubiri ajibiwe. Watu wa namna hiyo nawaogopa.

Jumatano, 5 Machi

Magogo ya Seremala yamekaa kama yametupwa na mlevi. Nimeamua kumshinda kwa usafi.

Nimekata yangu yote urefu mmoja. Nimeyapanga sambamba, nikayapigilia vigingi, nikaziba kila upenyo kwa udongo wa mfinyanzi na kulainisha kwa kiganja. Tone halipiti. Nimekaa pembeni kuitazama kazi yangu, nikajisikia kupigwa picha.

Akaja yule mama mtaalamu wa viumbe vya majini. Tunamwita Mama Samaki. Kutwa nzima ameinama anageuza mawe akitafuta wadudu, na akiwapata anafurahi. Alisimama mbele ya ukuta wangu kwa muda. Nikajua uzuri umemkosesha maneno. Kisha akauliza samaki apite wapi. Nikamwambia azunguke.

Msimamizi akaitwa. Kumbe kizuizi cha hapa sharti kivuje. Maji ya siku zote yapite chini yake, ya mafuriko ndiyo yakwame. Nimeagizwa kubomoa kabla ya chai na kujenga upya, safari hii niache matundu. Nyumbani mke wangu amenisema miaka kwa ajili ya paa linalovuja. Huku nasemwa kwa ajili ya kitu kisichovuja.

Seremala alikuja kunisaidia kubomoa. Hakuombwa. Alisema mdogo wangu, una mkono mzuri, ungefaa kujenga matangi. Bado sijajua kama alikuwa ananikejeli.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango mpya. Nikishindwa kupanda, ashuke yeye.

Kwenye kipande changu kulikuwa na kisiki kikubwa, mizizi yake imesambaa kama vidole vya mtu anayedai chake. Watu walipokwenda kula nilikisukuma majini kwa mtaimbo. Kikashuka vizuri, kizito, kikielekea kwenye magogo ya Seremala. Nikasikia kishindo. Nikaenda kula. Nikaomba niongezewe.

Mchana Mama Samaki akatuita wote. Kisiki kilikuwa kimejilaza katikati ya magogo ya Seremala, mizizi juu, hakuna hata gogo moja lililovunjika. Maji yalikuwa yanakizunguka taratibu na chini yake yameshaanza kuchimba kidimbwi. Mama Samaki alikuwa ameshika kiuno anatabasamu. Alisema ndicho alichokuwa anatuhubiria tangu tufike, kazi inayoonekana kana kwamba kijito kimejipangia chenyewe. Akamuuliza Seremala amewazaje.

Seremala akasema hakuwaza, kakikuta tu, huenda ni kudra za Mungu. Nilikuwa nyuma yake. Sijawahi kusifiwa kwa kiwango hicho na nikalazimika kunyamaza.

Jumanne, 11 Machi

Kidimbwi cha Seremala sasa kina samaki. Wadogo, urefu wa kidole, lakini Mama Samaki huenda kuwatazama asubuhi na jioni kama wagonjwa wake. Kwangu kuna chura. Hata yeye ana uso wa kutaka kuhama.

Asubuhi Mpishi alipokuwa anapasua kuni, nikachukua birika lake kubwa. Nikavua shati, nikawakokota samaki kwa shati, nikawatia birikani, nikawapandisha kwangu. Nikawamwaga polepole, kwa heshima. Walizunguka mara moja, kama watu waliokuja kutazama chumba cha kupanga. Halafu wakatoka kupitia matundu yaleyale niliyoamriwa kuyaacha, wakarudi chini kwa Seremala.

Nikarudisha birika mahali pake. Sikujua kwamba mmoja alibaki.

Mpishi humimina chai kwa kufuata cheo. Kwa hiyo samaki alimfikia Msimamizi, ameiva. Mpishi akauliza kwa sauti ya chini nani amegusa birika lake. Sauti hiyo ya chini ndiyo mbaya. Nikasema labda Seremala. Seremala akasema hapana mdogo wangu, labda kijito kimepona mpaka samaki wanakuja wenyewe mezani. Watu wakacheka hadi kukohoa. Msimamizi hakucheka. Alisogeza kikombe chake mbali na kuniangalia. Shati langu lilikuwa linanuka.

Ijumaa, 14 Machi

Mawingu yamejaa tangu asubuhi. Nimeingiwa na hofu. Maji yakija kwa nguvu yatavunja kizuizi changu, na kizuizi kilichovunjika hakipewi ruhusa.

Nimepata jibu. Nimechimba mtaro kando ya kizuizi ili mafuriko yapite pembeni na kukiacha salama. Kuchimba mtaro ndiyo kazi ninayoijua. Nilitumia kamba, umenyooka bila kosa, na nimeufunika kwa matawi asiuone mtu. Mwisho wake unashuka upande wa kambi. Sikufuatilia sana huko chini. Giza lilikuwa linaingia na nilikuwa na njaa.

Seremala kapita, kaniuliza binti yangu hajambo. Nikasema hajambo. Kauliza ameshaanza kunitambua kwa sauti. Nikamwambia mzee, kila mtu achunge kipande chake.

Jumapili, 16 Machi

Imenyesha. Jana yote.

Leo asubuhi Msimamizi amekuja kukagua. Kizuizi changu kimesimama, hakijapoteza hata tawi. Nilimwonyesha kwa mkono. Yeye alikuwa hatazami kizuizi. Alikuwa peku. Mabuti yake yameondoka na maji.

Mtaro wangu ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Uliyachukua mafuriko yote ya kipande changu ukayapeleka kambini. Yalipita stoo, yakapita jikoni, yakalala chini ya kitanda cha Msimamizi. Mpishi amepoteza birika. Hilo halimsikitishi mtu, ila yeye.

Kwa Seremala maji yalipanda juu ya magogo, yakasambaa msituni, yakatulia kama yamekuja kwenye kikao, kisha yakashuka kidogo kidogo. Samaki wamo. Mjini wamepiga simu kusema hakuna aliyelazimika kupandisha godoro juu ya meza.

Msimamizi aliniuliza kama najua nani kachimba ule mtaro. Nikasema huenda ni fuko. Akauliza fuko anayetumia kamba?

Ruhusa ni ya Seremala. Mimi nimepewa beleshi nikafukie.

Jumatatu, 17 Machi

Nafukia. Matope yamenifika magotini.

Seremala amekuja, akakaa kwenye gogo. Amesema anataka niende mimi. Wanawe wameshakuwa wakubwa, na mke wake akimwona ghafla mlangoni atadhani amefukuzwa kazi. Alisema mdogo wangu, nenda ukajulikane na mtoto. Tayari amezungumza na Msimamizi na Msimamizi amekubali, ingawa kwa kusaga meno. Ninachotakiwa ni kusema ndiyo kabla ya jioni.

Nimeendelea kufukia huku nawaza. Mtu hagawi mwezi mzima bure. Msimamizi amelala kwenye kitanda chenye maji, leo anapiga chafya kila neno la pili. Akiugua, atahitajika wa kukaimu. Na anayemzidi Seremala kwa akili hapa kambini ni nani? Mimi. Kwa hiyo anataka niondoke. Yote yamejipanga.

Nikaenda kwake. Nikasema asante sana mzee, lakini ruhusa uliipata kwa jasho lako, nenda wewe. Akauliza nina hakika? Nikasema hakika kabisa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na machozi yakamlengalenga. Anaigiza vizuri, lazima nikiri.

Jumatano, 19 Machi

Seremala ameondoka asubuhi na lori la magogo. Alipunga mkono mpaka kwenye kona. Lori lilipopunguza mwendo pale darajani, miguu yangu ilitaka kulikimbilia. Lakini mabuti yalikuwa na matope.

Msimamizi ameugua kweli, kama nilivyobashiri. Anayekaimu ni Mama Samaki. Amri yake ya kwanza ni kwamba nisishike beleshi bila mtu wa kunitazama.

Mpishi ananiambia, huku anachemsha chai kwenye sufuria na kunilaumu kwa macho, kwamba Seremala alikuwa anamwomba Msimamizi anipe mimi ruhusa hata kabla mvua haijanyesha. Nimemwambia Mpishi huo ndio ujanja wenyewe, alianza mapema. Mpishi ameweka chini mwiko, akaenda nje.

Kosa langu sasa naliona wazi. Nilikuwa nahangaika na kijito, wakati njia rahisi ilikuwa kifuani mwangu. Msimamizi anarudishwa kwao kesho kwa sababu ya chafya tu. Nimeshaanza kukohoa kidogo kidogo leo, ili wazoee. Wiki ijayo naongeza homa.

Nimempigia mke wangu, nikamwambia anitarajie katikati ya mwezi wa nne. Ameuliza wa mwaka gani. Nimemjibu wa mwaka huu, na kama si wa mwaka huu, basi ujao mapema sana.