Mimi na Marafiki Zangu Tunatoa Figo Tatu

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi, uliyetumwa kwa niaba ya yule tuliyemwalika, wachungaji na maimamu, wenyeviti waliopo na waliowahi kuwapo, akina mama wa Kiganjo, vijana wa bodaboda, na hasa wewe Apiyo, mgonjwa wetu, uliyekubali kuketishwa hapa mbele ili watu wakuone: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Mimi Kyengo, mwenyekiti wa Kamati Shirikishi ya Figo ya Thika na Ruiru, nasimama katika uwanja huu wa Landless kuzindua Kituo cha Upandikizaji wa Figo, ambacho mnakiona nyuma ya pazia hili, au mtakiona likifunguliwa. Utafiti tulioufanya tukila samaki pale karibu na maporomoko ya Chania umebaini kwamba asilimia mia moja ya wananchi wana figo, na wengi wao wana mbili, ya pili ikikaa tu bila mpango mkakati wala ripoti kwa mastekiholda, yaani wadau. (Kicheko.) Kakake Apiyo, huyu Erastus wa Ruiru, amepimwa, amefaa, na anamtolea dadake figo moja. Hilo ni jambo dogo la kifamilia. Sisi tunazungumzia mfumo.

(Erastus anasimama: "Mheshimiwa, samahani. Gari lako limeziba lango, na dada anangojwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Akikosa nafasi ya leo, upasuaji utaahirishwa.")

Asante, kijana. Swali lako litajibiwa kwenye kikao cha maswali. (Minong'ono.)

Na kwa kuwa mimi siji kwenye harambee mikono mitupu, tangazeni hivi: mimi na marafiki zangu tunatoa figo tatu! (Vigelegele upande wa kamati.)

("Wataje hao marafiki," anasema Mama Katunge, muuza mboga. "Na yako imo kwa hizo tatu?")

Yangu, mama, ni ya kiofisi. Haiwezi kutoka bila kamati kukaa, na kamati haikai bila mimi.

("Basi kaa wewe, gari liondoke.")

Nakuja hapo. Kwanza semeni nami: Figo mbele! (Mama Katunge: "Figo ziko nyuma, Mheshimiwa, hapa kiunoni.") Figo kwa wote, wote kwa kamati! (Mtu mmoja anakohoa.)

Shukrani zangu zimwendee Mbaluka kwa pazia lake, analolihitaji kwa arusi Jumamosi, kwa hivyo tulifungue polepole tusilirarue. (Pazia linafunguliwa. Kuna mbuzi wawili na shuka zilizoanikwa.) Kama mnavyoona, kituo kimo katika awamu ya kufikiriwa, na kiwanja ni cha mwenye mbuzi, ambaye pia namshukuru kwa kutokuwepo.

Naona kiti cha Apiyo kiko wazi. Na lango liko wazi. Naarifiwa kwamba dereva wangu, Mwanzia, amewapeleka Apiyo na Erastus hospitali kwa gari langu, bila idhini ya kamati. (Makofi marefu, ya kwanza yasiyoombwa.) Basi iandikwe kwamba huduma ya usafiri wa wagonjwa, chini ya uongozi wangu shupavu, imeanza kazi rasmi leo. Ahsanteni sana. Sasa, nani anaelekea Ruiru anibebe?

(Mama Katunge anainua kikapu chake: "Keti, Mheshimiwa. Swali lako litajibiwa kwenye kikao cha maswali.")