Mbuzi Watatu kwa Jina Moja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mzee Ndunda amerudia. Bila ntheo, wale mbuzi wa posa, hakuna kumwoa binti yake Mwongeli. Mbuzi watatu, si wawili, wala si ahadi. Mkono mtupu haulambwi, akaongeza, akiitazama soda niliyomletea. Mwongeli naye kasema hanisubiri hadi Krismasi. Kimanzi, mwenye saiba ya kompyuta na intaneti, anamtaka, na ana zizi limejaa.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kanisa letu hapa Kola lina bahati nasibu Jumapili. Washindi watatu, kila mmoja mbuzi. Na nani ameombwa kuandika programu ya kuwachagua? Mimi, Festus Mumo, mwenye cheti cha kompyuta.

Jumatano, 6 Agosti

Mwenyekiti wa kamati, Madam Loise, amesisitiza kila muumini aingie mara moja. Rahisi kusema ukiwa na ng'ombe. Nimejiingiza mara arobaini.

Nikaiambia programu ihesabu. Majina tisini, Festus mmoja. Nikarudia. Mmoja! Kumbe majina nimeyaweka kwenye seti, na seti haipokei kitu ambacho tayari inacho. Ukiongeza tena haigombi wala haikuonyi. Inanyamaza tu, nawe unaendelea kujidanganya.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimeiweza. Siongezi tena jina tupu. Kila mtu sasa ni kitu kipya chenye jina ndani yake. Namna ya kulinganisha vitu hivyo sikuiambia seti, kwa hivyo kwake kila kimoja ni mgeni, hata majina yakifanana. Nimejiongeza mara elfu tano, na wote wamekaribishwa. Si pupa. Ni tahadhari.

Kimanzi alipita akaomba kuikagua. Nikamwambia mambo haya yanataka watu waliosoma. Akacheka, na sikupenda alivyocheka. Nimemtuma Mwongeli amwambie babake atengeneze zizi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisa lilijaa. Mzee Ndunda mwenyewe akapewa heshima ya kubonyeza. Majina yakatokea ukutani kwa projekta. Mshindi wa kwanza, Festus Mumo. Makofi, na Mwongeli akapiga vigelegele. Wa pili, Festus Mumo. Makofi machache. Wa tatu, Festus Mumo. Mtu akakohoa.

Nikasimama nikasema ni neema. Madam Loise akamwomba Kimanzi aangalie ndani ya programu. Kimanzi akatangaza kwa maikrofoni kwamba kanisa lina waumini wengine themanini na tisa, na Festus elfu tano. Mzee Ndunda akaniuliza ni yupi kati yetu anayetaka kumwoa binti yake. Hata pasta alicheka. Mwongeli hakucheka. Alitoka bila kunitazama, na hilo liliniuma sana.

Nimefutwa. Kimanzi akarudia mchezo, mtu mmoja jina moja. Mbuzi mmoja kaenda kwa Madam Loise.

Jumanne, 12 Agosti

Nimefikiri sana na nimeliona kosa. Kosa lilikuwa jina langu. Mbuzi ni wa Mzee Ndunda hata hivyo, sasa kwa nini wapitie kwangu? Kanisa moja kule Mitaboni lina bahati nasibu mwezi ujao, na linatafuta mtu wa programu. Habari za Kola hazijafika huko. Nimekubali.

Kazi nimeianza leo. Mzee Ndunda tayari yumo mara elfu sita.