Daraja la Bendera Mbili Lafunguliwa Rasmi

Waheshimiwa Mabwana Wakubwa wawili, wa Kiingereza na wa Kifaransa, mnaotawala kisiwa chetu kwa pamoja, ninaowataja kwa pumzi moja asije akatangulia mtu. Mheshimiwa Chifu Kalmet. Wachungaji wa upande huu, mapadri wa upande ule. Polisi wa kofia za Kiingereza na polisi wa kepi za Kifaransa. Na ninyi wengine mliobaki: mimi, Kaltonga Tarip, Katibu Mwandamizi wa Mambo ya Pamoja, niliyesoma darasa la tatu kwa Kiingereza na la pili kwa Kifaransa, yaani jumla darasa la tano, ninayo heshima kulifungua daraja hili. (Makofi. Watu wanageuka kuutazama mto.)

Nimearifiwa kwamba Leisara, binti wa Mama Leipakoa, ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, na zahanati iko ng'ambo. (Mama Leipakoa: “Tangu jana, we Kaltonga!”) Tangu jana, asante mama, takwimu zimerekebishwa. Lakini amri zote mbili zinasema hakuna kuvuka kabla ya ufunguzi rasmi, na kwa kuwa ni mara ya kwanza serikali zetu kukubaliana jambo, mimi ni nani hata niwagombanishe? (Polisi wote wanaitikia kwa kichwa. Mto unapanda.)

Ndugu wananchi, upembuzi yakinifu ulichukua miaka sita, kwani Mwingereza alitaka daraja lianzie ukingo wa kulia na Mfaransa akataka wa kushoto, na kila mmoja akaapa hatakanyaga ubao wa mwenzake. Mbao mia mbili na arobaini zikaletwa. Sasa, nani asiyejua kwamba hapa kwetu hata choo hakichimbwi kabla bendera mbili hazijapanda, kimo sawasawa? Mfaransa akapima, akaona yake iko chini kwa upana wa kidole, tukaunga ubao kwenye mlingoti wake. Mwingereza naye akaleta kamba yake ya kupimia. Tukaunga mbao mbili. Tukaendelea na mchakato huo kwa juhudi na maarifa, hadi leo milingoti yetu imepita minazi na popo wanajigonga huko juu! (Chifu Kalmet: “Na mbao za daraja?”) Chifu wangu, hilo ni swali la kitaalamu. (Kicheko. Mtu: “Mjibu, acha kujishaua!”)

Najibu! Daraja limekamilika kwa asilimia mia mbili: mia kwenye makaratasi ya Kiingereza, mia kwenye ya Kifaransa. Nani kati yenu amewahi kukamilisha kitu kiasi hicho? (Leisara anapiga ukelele. Mabwana Wakubwa wanatazama saa, kila mmoja yake.)

Nafupisha. Semeni nami: Mabwana wawili, baraka mbili! Bendera juu! (Umati: “Shusheni mbao chini!”)

Mwisho, nawashukuru kwa dhati vijana wanne walionivusha mto asubuhi hii mabegani, maji yakiwafika kifuani, bila kunilowesha hata soksi, ili nije kulifungua daraja hili. Nalitangaza limefunguliwa. Kuvuka ni ruksa. Haya vijana, nirudisheni, chakula changu kinapoa.

Vijana?

(Vijana wanne wako katikati ya mto, wamembeba Leisara juu ya kitanda cha mianzi. Mama Leipakoa, nyuma yao, maji kiunoni, anageuka: “Wewe pita darajani, mwanangu!”)