Kila Kiti na Sentensi Yake

Jumatatu, 9 Machi

Kikao cha walimu. Mkuu wa shule katangaza kwamba Mkuu wa Idara ya Kiingereza anastaafu mwisho wa wiki. Hatimaye! Nimemsubiri mzee yule miaka kumi na tisa. Nimemwombea afya njema siku zote, ila afya ya nyumbani kwake.

Chumba chake kina mlango. Kina kitasa. Meza yangu mimi iko kwenye kona ya ofisi ya walimu, karibu na pipa la maji, na mguu wake mmoja umewekewa kamusi iliyochanika. Kila anayekuja kunywa maji anaweka kikombe juu ya madaftari yangu. Miaka kumi na tisa ya vikombe.

Wanaofikiriwa ni wawili: mimi na Mwalimu Mdogo. Mkaguzi atakuja Ijumaa, atakaa kwenye kipindi cha kila mmoja, na atakayemridhisha ndiye. Mada ni moja kwa wote, upatanisho wa kiima na kitenzi. Mimi nafundisha Kidato cha Kwanza A, yeye B.

Huyo Mwalimu Mdogo nilimfundisha mimi. Alikuwa darasani kwangu mwaka wangu wa kwanza kazini, hajui hata kushika kalamu vizuri. Leo kasimama mbele ya watu, kaniamkia shikamoo, kasema ni heshima kubwa kushindanishwa na mwalimu wake. Walimu wakapiga makofi. Asante ya punda ni mateke, na huyu anapiga teke huku anaamkia.

Nimemwambia mke wangu kwamba cheo ni kama nimeshapata. Alikuwa kwenye cherehani, hakuinua macho. Akasema hiyo "kama" ndiyo inayomtia wasiwasi.

Jumanne, 10 Machi

Sikulala, lakini nimepata mpango.

Tuseme ukweli, shajara ni yangu. Watoto hawa hawafundishiki. Kiima kikiwa kimoja, kitenzi kinavaa s mkiani. Viima vikiwa vingi, s inavuliwa. Basi! Kuna nini hapo cha kumshinda mtu? Kila mwaka naandika ubaoni, kila mwaka wananakili kwa mwandiko mzuri, halafu kwenye mtihani wanaandika "the dogs barks". Wote. Nimefundisha ukuta miaka kumi na tisa, na ukuta haujawahi kunijibu.

Kwa hiyo sifundishi. Nina viti thelathini na wanafunzi thelathini. Kila kiti kitapewa sentensi moja, sahihi, ya kukariri. Nitauliza kwa mpangilio, kuanzia kiti cha kwanza mlangoni hadi cha thelathini nyuma kabisa. Kila mtoto ajue yake tu. Ya jirani haimhusu.

Walikuwa wamebaki sita ambao hata sentensi moja haiwaingii. Kinara wao ni Bwana Kimya, mtoto mrefu wa nyuma ambaye sijasikia sauti yake tangu mwaka uanze. Nimemwendea Mwalimu Mdogo na kumwambia tubadilishane wanafunzi sita wiki hii, kwa ajili ya kukuza taaluma. Kafurahi! Kasema nichague mwenyewe ninaowataka, yeye hana neno. Nimechagua sita bora kuliko wote darasani kwake. Nimempa mizigo yangu sita, nimechukua lulu zake sita. Karibu nimwonee huruma.

Jioni nimepitia kwa shemeji, ndugu yake mke wangu, fundi wa vibao. Nimeagiza kibao cha mlangoni: MKUU WA IDARA. Mbao ngumu, herufi za kuchonga, rangi nyeupe. Akaniuliza aweke na jina langu. Nimemwambia haina haja, watu wananijua.

Jumatano, 11 Machi

Zoezi la kwanza. Mambo safi! Kiti cha kwanza yupo Kidomo, msichana asiyefunga mdomo hata akipiga miayo. Kaitoa yake kama redio. Cha pili, cha tatu, mpaka thelathini, bila kosa. Nilitaka kulia.

Kasoro moja tu. Msichana wa kiti cha kumi na nne kanyoosha mkono, kauliza kwa nini yake ina s na ya kumi na tano haina. Nimemjibu kwamba kazi ya kiti cha kumi na nne ni kusema, siyo kuuliza kwa nini. Akakaa.

Nimepita makusudi dirishani kwa Mwalimu Mdogo. Vituko! Mizigo yangu sita imesimamishwa mbele ya darasa. Mmoja ni kiima, mwingine ni kitenzi, na kitenzi kimevaa kofia kubwa ya s. Kiima kikiwa peke yake, kitenzi kinabaki na kofia. Kiima kikipata mwenzake, kitenzi kinavua kofia na kuinama. Darasa zima linacheka. Bwana Kimya ndiye kitenzi, na kofia imemfunika mpaka masikioni.

Kicheko kwenye somo la Kiingereza! Kwangu hajawahi kucheka mtu. Utoto mtupu. Mkaguzi akiona ile kofia atamfukuza kazi. Nimerudi kwenye kona yangu, nimeondoa vikombe viwili, nimekaa kwa raha.

Alhamisi, 12 Machi

Zoezi la mwisho, safi tena. Nimeficha boksi la chaki za rangi nyuma ya pipa la maji ili Mwalimu Mdogo asizipate. Saa nne kaja na boksi lake mwenyewe, kanigawia nusu. Anajifanya mwema. Nimepokea, maana chaki haina kosa.

Kuna jambo moja la hekima nimelifanya. Nimebeba kiti cha sofa kutoka ofisi ya mkuu wa shule na kukiweka mbele ya darasa, pembeni ya meza yangu, kwa ajili ya mkaguzi. Mgeni akikaa vizuri huona vizuri.

Mke wangu kaniuliza kama watoto wameelewa. Nimemwambia wamejua. Akasema hajauliza hilo. Mwanamke huyu angekuwa mkaguzi yeye.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika mpaka kalamu inatoboa karatasi. Kwa hasira.

Mkaguzi ni mama mwembamba mwenye mkoba wa turubai. Kaingia, watoto wakasimama, wakaamkia. Nikamwonyesha sofa. Akashukuru. Akasema yeye siku zote hukaa nyuma, na watoto. Akatembea moja kwa moja hadi kiti cha thelathini!

Sasa angalia balaa la watoto waliolelewa vizuri. Wa thelathini akasimama ampishe mgeni. Wa ishirini na tisa, kuona mwenzake kasimama, akampisha yeye. Wa ishirini na nane akampisha wa ishirini na tisa. Adabu ikatembea darasa zima, kiti kwa kiti, mpaka mlangoni. Kidomo akabaki amesimama, akatazama kulia, akatazama kushoto, akaenda kukaa kwenye sofa ya mkuu wa shule. Miguu ikining'inia.

Mimi nilikuwa naandika ubaoni. Nilipogeuka niliona watoto wamekaa, nikaona sawa. Nikauliza swali la kwanza: mbwa mmoja hufanyaje usiku? Mtoto wa mlangoni akajibu kwa sauti nzuri kwamba watoto wako bustanini. Nikauliza la pili: watoto wako wapi? Nikajibiwa kwamba mama anapika. La tatu: mama anafanya nini? Dada zangu wawili wanafua. Kila jibu lilikuwa Kiingereza sahihi kabisa, na kila jibu lilikuwa la mtu mwingine.

Nikasema nirekebishe kimya kimya, nimwulize kila mmoja swali lake mwenyewe. Lakini baadhi yao walikuwa wameshang'amua mambo, wakaanza kujibu ya kiti walichohamia. Wengine wakabaki na zao. Ikawa vurugu. Ndipo kijana mmoja wa katikati, mwaminifu, kanyoosha mkono na kuniuliza kwa Kiswahili fasaha, mkaguzi anasikia:

"Mwalimu, nijibu ya kiti au yangu?"

Na Kidomo kwenye sofa akadakia kwamba yeye hana kiti, je, sentensi yake aitoe lini.

Mkaguzi hakucheka. Bora angecheka. Kamgeukia msichana wa kumi na nne, akamwuliza taratibu kwa nini kitenzi chake kina s. Msichana akasimama, akasema tuliambiwa tusiulize kwa nini.

Kengele ilikawia kama imelogwa.

Saa tano ikawa zamu ya B. Mkuu wa shule kanilazimisha nikae nitazame. Mkaguzi kakaa nyuma, watoto wakahamahama, wala hakuna lililoharibika. Kofia ikatoka. Kisha mkaguzi akatunga sentensi zake mwenyewe, ngumu, na kumwita kijana mrefu wa pembeni. Bwana Kimya! Nikasema moyoni, leo tutaumbuka wote, afadhali. Akasimama. Akafikiri kwa muda mrefu. Mwalimu Mdogo hakumwokoa, alisubiri tu, kama ana mchana kutwa. Kisha mtoto akajibu. Sahihi. Akapewa nyingine, sahihi. Ya tatu akakosea, akajishika kichwani kama anavua kofia, akajisahihisha mwenyewe.

Sauti yake ni nzito. Sikuwa najua.

Mkaguzi akamwuliza Mwalimu Mdogo kofia ile kaitoa chuo gani. Akasema hakuipata chuoni. Akaninyooshea mkono mimi, nimekaa kwenye benchi na fedheha yangu. Akasema:

"Nilifundishwa na mwalimu wangu huyu. Alikuwa anavua kofia yake mwenyewe. Sijawahi kusahau."

Watu wote wakageuka kunitazama. Kofia gani?

Jumamosi, 14 Machi

Kanisingizia. Mimi na kofia wapi na wapi? Nimemsimulia mke wangu tangu asubuhi, kila nikimaliza naanza upya. Akainuka. Akaenda kwenye kabati, akavuta boksi la vitambaa, akatoa kofia ya kahawia iliyoliwa na nondo. Mbele ina herufi s ya kitambaa chekundu, imeshonwa kwa mkono.

Akasema aliishona yeye, mwaka tuliooana. Akasema nilikuwa narudi nyumbani nimepotewa na sauti kwa kucheka na watoto, napika naye huku nimeivaa. Akasema siku moja nilirudi bila kuivaa, na yeye alingoja kwanza, halafu akaacha kungoja.

Nimeishika. Nimeijaribu. Bado inanitosha. Nikajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, nikainyoosha ile s kwa kidole.

Halafu nikaelewa. Huu ni wizi! Kofia ni yangu, mbinu ni yangu, mada ni yangu. Mtu kachukua kofia yangu na kunipiga nayo mbele ya mkaguzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwambia mke wangu kwamba kwa haki kabisa kipindi cha B kilikuwa changu, kwa hiyo cheo ni changu. Akairudisha kofia ndani ya boksi.

Jumatatu, 16 Machi

Jina limetangazwa. Mwalimu Mdogo. Wakapiga makofi, na mimi nikapiga, viganja vikiniuma.

Saa nne nikasikia nyundo kwenye korido. Shemeji! Alimaliza kibao mapema, akataka kunifurahisha kazini. Kauliza mlango wa Mkuu wa Idara ni upi, akaonyeshwa, akapigilia. MKUU WA IDARA. Kimenyooka sawasawa, kinang'aa, hakina jina. Mwalimu Mdogo alitoka akakikuta, akaambiwa mimi ndiye niliyekiagiza tangu wiki iliyopita. Akanishika mikono yote miwili mbele ya walimu, machozi yanamlenga. Akasema hakujua kwamba nilimwamini kiasi kile.

Nikasema si kitu.

Kasema chumba ni kikubwa, meza yangu iingie mle, tukae wawili, nimwelekeze. Nimekataa. Mtu akikukaribisha chumbani kwako mwenyewe hiyo ni dharau.

Adhuhuri mkuu wa shule akaagiza watoto warudi kwenye madarasa yao. Wale lulu sita walirudi B wanakimbia. Mizigo yangu ikaja mmoja mmoja, inaburuta miguu. Bwana Kimya akanifuata mpaka kwenye pipa la maji. Akasimama. Nikamwuliza anataka nini. Akaniomba ruhusa abaki kule. Nikamwuliza kule kuna nini ambacho kwangu hakuna, kama ni kofia hata mimi ninayo.

"Kule ninaulizwa, Mwalimu."

Hakusema kwa jeuri. Alisema kama anayetaja saa. Nikatia saini karatasi yake, aende. Nilibaki nimekaa pale mpaka mtu akaja kunywa maji na kuniwekea kikombe juu ya daftari, na sikukiondoa.

Nimewaza jioni nzima. Nimejichunguza bila huruma, maana mtu mzima hukubali makosa yake, na kosa nimeliona. Sentensi hazikuwa na kosa, zote thelathini zilikuwa sahihi, mkaguzi mwenyewe shahidi. Tatizo lilikuwa kiti. Niliweka cha mkaguzi mbele, na wakaguzi hukaa nyuma.

Muhula ujao wanakuja kukagua tena. Nimeshampelekea shemeji vipimo. Kiti cha thelathini na moja, cha nyuma kabisa, na vile thelathini vipigiliwe misumari sakafuni.