Gari Lililoletwa Likiwa Moto

Mtelezo alikuwa anapulizia manukato ndani ya gari jekundu aina ya jipu pale honi ilipolia langoni mwa yadi yake ya kuuzia magari. Hakuwa na miadi na mtu. Likaingia gari kubwa la dizeli, la viti saba, lenye umri wa kuamkiwa shikamoo. Akashuka mama mwenye miwani, mkoba kwapani, mkunga aliyestaafu.

"Natafuta dalali mwaminifu," akasema.

"Shikamoo mama, umefika. Tulikuwa wawili, mwenzangu akafilisika."

Ukweli lazima usemwe, hata kama yadi ile haikuuzoea. Jipu jekundu lilikuwa toleo jipya, la kupanda milima, ila msimu wa mvua lilishinda siku tatu chini ya maji ya mafuriko. Mtelezo akalianika, akalisugua, akalifukiza kama bibi harusi. Kilichobaki ni kumpata bwana harusi asiyeuliza maswali. Na huyu hapa amejileta, tena na gari ambalo mkandarasi wa barabara alilisaka kama dawa. "Niletee dizeli kuukuu lisilochoka," mkandarasi alikuwa amemwambia, "na magari yote ya kampuni yangu utayatafuta wewe." Kwa dalali aliyekwisha kupewa notisi ya kuhama yadi, maneno hayo yalikuwa tumaini la mwisho.

"Nataka tubadilishane, hili kwa lile," mama akasema. "Kila Alhamisi nawapeleka wazee watatu hospitali, wanasafishwa damu kwa mashine. Wanakaa mlimani, na matope ya kule hayana adabu."

"Mama, lile jekundu linapanda ukuta!"

"Ukutani nitafuata nini? Nataka lisinigomee Alhamisi."

Mtelezo akaweka mkono kifuani, mahali ambapo watu wengine wana moyo. "Likikugomea, nitawapeleka mimi mwenyewe na kuwarudisha. Nakuahidi."

Ahadi ile ilimtoka kama kikohozi, bila kufikiri.

Akawasha dizeli la mama. Likaitika mara moja. Wakatiliana sahihi, wakapeana funguo, kila mmoja akamwombea mwenzake baraka.

Sasa, kila dalali anajua kwamba gari hukaguliwa asubuhi, injini ikiwa baridi. Mtelezo mwenyewe huamka mapema kuyapasha moto magari yake, ili wateja wasisikie yanavyougua. Lakini hili lilimjia ghafla, likiwa moto tayari, na furaha ya kumtapeli mtu huziba masikio.

Kesho yake dizeli halikuamka. Fundi akalikagua, akajifuta mikono polepole, kama daktari mwenye habari mbaya.

"Kaka, injini hii imekwisha. Likipoa haliwaki. Likishawaka, omba Mungu usilizime."

Mtelezo hakulia. Alichofanya ni kumwalika mkandarasi Alhamisi, saa moja asubuhi. Siku hiyo alfajiri, yeye na fundi wakalivuta kwa gari jingine hadi likawaka, likawa linanguruma kwa raha, tayari kumdanganya mwanadamu mwingine. Saa kumi na mbili na nusu, simu ikaita.

"Mwanangu," mama akasema, "lile jekundu nikipiga honi, taa zinatoa maji. Leo limekufa kabisa."

"Na lako likipoa haliamki!"

"Najua. Nililizungusha mjini saa nzima kabla ya kuja kwako."

Mtelezo akaitoa simu sikioni, akaitazama kwa heshima.

"Basi tumetoshana, mama."

"Mimi na wewe, ndiyo. Wazee wale hawajamdanganya mtu. Wako barabarani na mashuka yao. Nimewaambia unakuja, kwamba wewe ni mtu wa kutimiza ahadi."

"Wakasemaje?"

"Wameshukuru. Hawakujui."

Mtelezo akalitazama lango ambalo mkandarasi angeingilia baada ya nusu saa. Akalitazama dizeli. Akamtukana mtu, labda yeye mwenyewe, kisha akashika njia ya mlimani.

Walikuwa njiani kuelekea hospitali, wazee watatu wamebanana nyuma kwa adabu, mkandarasi alipopiga simu.

"Niko yadi kwako. Gari liko wapi?"

"Nimebeba wagonjwa, bosi. Nisubiri hadi mchana."

"Jirani yako hapa ana dizeli, na ana muda."

Simu ikakatika. Mzee mmoja akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna, babu. Ni mtu alikuwa ananiaga."

Mashine zile huchukua saa nne. Mtelezo akakaa nje ya hospitali, gari likinguruma, mshale wa mafuta ukishuka. Mlinzi akagonga kioo.

"We bwana, zima gari! Hapa kuna wagonjwa!"

"Na huyu ni mgonjwa, ndugu yangu. Akilala haamki."

Akafukuzwa getini. Akazunguka mtaa, akarudi, akafukuzwa, akazunguka tena. Lau angeondoka saa ile, angeweza kumkuta mkandarasi akibishana bei na jirani. Hakuondoka.

Wazee wakatoka wamepauka, wameshikana mikono.

"Bado upo, kijana?" wa kwanza akasema. "Tungetafuta gari la kuturudisha."

"Pandeni, babu," Mtelezo akajibu, akashuka kuwafungulia mlango. "Taratibu. Shika hapa."