Tangi Lenye Jina Langu

Jumatatu, 12 Mei 2025

Shajara, niwie radhi. Miezi mitatu sijakuandikia hata sentensi moja. Nilikuwa nikishughulikia jambo kubwa, nalo limefika leo saa nne juu ya pikapu: tangi la lita elfu tano, zawadi yangu kwa shule ya msingi ya hapa Kiamunyi. Watoto wanahara. Nyumba mpya kila wiki, shule ni ile ile, Gredi ya Kwanza ina watoto tisini na watatu, na hakuna pa kunawa mikono. Afisa wa afya ameapa: asipokuta maji Ijumaa, darasa hilo litafungwa. Mjukuu wangu Cate yumo humo.

Ubavuni, juu ya mifereji, nimeandikisha kwa rangi nyekundu: TANGI LA MWALIMU BETHWEL. Herufi za futi moja. Nimezikagua mara mbili. Safi.

Jumanne, 13 Mei

Kikao cha wazazi. Fedheha! Safiyo, mhudumu wa afya ya jamii, ambaye nilimfundisha mwenyewe Darasa la Tatu, alisimama akasema tangi lisikae langoni nilivyotaka, liwekwe nyuma, kando ya vyoo. Nyuma! Nikauliza nani atalisoma huko. Akanijibu, kwa heshima ya kuudhi, kwamba mtoto akitoka chooni hasomi, Mwalimu, ananawa. Wakacheka. Kura: vyooni arobaini na moja, langoni moja. Mke wangu alikuwa miongoni mwa wale arobaini na mmoja.

Jumatano, 14 Mei

Wazazi wako kazini. Mwalimu mkuu yuko mkutanoni mjini. Nikampigia simu Ogola, fundi, nikamwambia kikao kimebadili uamuzi. Akauliza kikao kipi. Cha leo. Akauliza nani alihudhuria. Mimi.

Kufikia saa nane tangi lilikuwa langoni, maandishi yakitazama barabara. Mifereji nayo, kwa kuwa iko upande wa maandishi, ikatokea nje ya ua. Ogola akauliza kama watoto watakuwa wakitoka barabarani kunawa. Nikamwambia atazame spana yake. Lori la maji likalijaza pomoni.

Alhamisi, 15 Mei

Ushenzi mtupu! Saa moja asubuhi nimekuta pikipiki sita zikioshwa kwenye tangi langu. Mama mmoja anasuuza sukuma wiki. Nikafoka. Kijana wa bodaboda akasema niaje mzee, kwani mwenye tangi ni nani. Nikamwonyesha jina. Akalisoma kwa sauti, akasema huyo Mwalimu Bethwel ni mtu poa sana, akajaza jerikeni ya pili.

Nakiri nilifurahi kidogo. Kufikia adhuhuri tangi lilikuwa kavu.

Ijumaa, 16 Mei

Afisa alifungua mfereji wa kwanza. Hewa. Wa pili, hewa. Wa tatu, hewa. Wa nne ukatoa tone moja. Nikamweleza habari za wezi. Akaniuliza mtoto wa miaka sita anafikaje hapo nje. Swali la dharau! Akaandika notisi ya kufunga darasa. Safiyo akamsihi, akapewa hadi Jumatatu.

Cate akaniuliza, Guka, yaani babu, ni wewe umefunga shule? Nikakohoa.

Jumatatu, 19 Mei

Jumamosi wazazi walilihamisha tangi hadi vyooni bila kunitaarifu. Ogola alifanya kazi bure, eti kuomba radhi. Mvua ya jana ikalijaza kupitia paa la mabati. Leo afisa amenawa mikono, amechana notisi, ameondoka. Darasa linaendelea. Vyema.

Lakini! Cate amerudi na habari kwamba watoto hawasemi tena wanakwenda chooni. Wanainua mkono na kusema: Mwalimu, naomba niende kwa Bethwel. Tisini na watatu! Baada ya miaka thelathini na minne ya kushika chaki! Mke wangu amecheka hadi akaketi sakafuni.

Nimetafakari na kosa nimeliona. Niliandika jina moja tu. Zahanati mpya haina mizani ya kupimia watoto wachanga. Leo nimeiandikia kamati yake: nitainunua, kwa sharti kwamba ikae langoni, ikitazama barabara, ikiwa na majina yangu yote matatu, pamoja na picha. Kamati inaketi Alhamisi. Wakishaamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo.